Fanesi Ikigoma Kutoa Joto: Uanze Wapi Kabla ya Kumwita Fundi

Baridi ya Novemba ikishaingia, swali huwa ni lile lile, liwe limetoka Minneapolis, Columbus, Des Moines au Edmonton: "Fanesi haileti joto, nifanyeje?" Wengi wanaouliza walikulia Bukavu, Kigoma, Kisumu au Mombasa, ambako nyumba haina haja ya mashine ya kuipasha moto. Leo wanaishi juu ya besimenti yenye kabati kubwa la chuma linalounguruma, na hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza linavyofanya kazi. Basi tukae, tuelezane.

Ninayosema hapa yanahusu hasa fanesi ya gesi, ile inayopuliza hewa ya moto kupitia matundu ya sakafuni au ukutani. Mnaotumia mafuta, na huko Maine mko wengi, sehemu yenu iko mbele. Mwenye redieta za maji moto asome habari za hatari na za mwenye nyumba, mengine hayatamfaa.

Habari njema ni kwamba mara nyingi fanesi inayosemwa imekufa haina ubovu wowote. Betri imekwisha, swichi imezimwa, chujio limejaa vumbi. Lakini usikimbilie kufungua mashine. Kuna mambo mawili yanatangulia.

## Kwanza, nusa

Gesi ya nyumbani haina harufu yake yenyewe; kampuni huitia dawa inayonuka kama yai viza ili uitambue ikivuja. Ukiisikia harufu hiyo:

- Toa kila mtu nje, watoto na wazee kwanza.
- Usiwashe wala usizime taa, na usipige simu ukiwa ndani. Cheche ndogo inatosha.
- Ukiwa mbali na nyumba, piga 911 au namba ya dharura ya kampuni ya gesi.
- Usirudi ndani hadi uambiwe ni salama, hata kama umesahau koti.

Hatari ya pili hainuki kabisa. Kaboni monoksidi hutoka pale moto unapowaka vibaya au moshi unapokosa njia ya kutokea. Kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, mwili unalegea, na watu wa nyumba nzima wanaumwa pamoja. Wengi hudhani ni mafua ya msimu. Kama maumivu yanapungua ukitoka nje na kurudi ukiingia ndani, hayo si mafua. Tokeni, mpige 911. Ikiwa Kiingereza kinakupiga chenga, taja "Swahili" na anwani yako. Vituo vingi huunganisha mkalimani kwenye simu.

Nyumba isiyo na kengele ya kaboni monoksidi inunuliwe kengele leo, kabla ya kitu kingine chochote. Iwekwe karibu na vyumba vya kulala, na kila ghorofa iwe na yake.

## Jiko la mkaa lisiingie ndani

Hili nalisema kwa uchungu. Fanesi imezimika, nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, watoto wanatetemeka. Mtu aliyekulia kwenye jiko la mkaa anajua la kufanya: aliwashe nje, likishashika aliingize sebuleni. Kwetu tulifanya hivyo na tukaamka salama, kwa sababu nyumba zetu zinapumua. Upepo unapita chini ya mlango, juu ya ukuta, kwenye madirisha. Nyumba za nchi za baridi zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, kwa hiyo na sumu haitoki.

Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme katika eneo la Seattle. Watu waliingiza majiko ya mkaa na jenereta ndani, mamia wakaumwa na wengine wakafa, na wengi wa walioathirika walikuwa wahamiaji. Gazeti la Seattle Times lilichapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa, Kisomali ikiwemo. Texas ikaona msiba kama huo Februari 2021.

Mtu ataniambia, "Mimi nitafungua dirisha kidogo." Hapana. Dirisha kidogo halitoshi. Tena mkaa uliokwisha kushika, usiotoa moshi hata chembe, bado unatoa kaboni monoksidi. Usilete ndani mkaa, wala jenereta, wala jiko la kambi, na usiwashe oveni ya gesi na kuiacha mlango wazi ili ipashe nyumba.

## Sasa tuangalie vitu rahisi

Fuata mpangilio huu, usiruke.

Thamostati. Iwe kwenye HEAT, si COOL wala OFF. Ipandishe nyuzi tano juu ya joto lililopo chumbani, kisha subiri dakika tano. Kama kioo ni cheusi au namba zimefifia, badilisha betri. Thamostati nyingi hutumia betri za AA au AAA, na si rahisi mtu kukumbuka zimo. Angalia pia ratiba: huenda aliyekaa hapo kabla yako aliipanga ishuke saa nne usiku.

Kitufe cha feni. Wengi hulalamika kwamba matundu yanatoa hewa, ila ni ya baridi. Tazama feni kwenye thamostati. Ikiwa kwenye ON, inapuliza saa zote, moto uwepo usiwepo. Irudishe kwenye AUTO, ipulize tu kukiwa na moto.

Swichi ya fanesi. Ipo ubavuni mwa mashine au juu ya ngazi za besimenti, na sura yake ni ya swichi ya taa kabisa. Mtoto anaizima, mgeni anaizima, nawe unayetafuta taa gizani unaizima. Iwashe, usubiri.

Breka. Kwenye kisanduku cha umeme tafuta iliyoandikwa FURNACE. Iliyoruka mara nyingi husimama katikati. Isukume hadi mwisho kwenye OFF, kisha uirudishe ON. Mara moja tu. Ikiruka tena, kuna kitu kinachovuta umeme vibaya, mwachie fundi.

Kifuniko cha mbele. Nyuma yake kuna kiswichi kidogo kinachokata umeme kifuniko kikiwa wazi. Ukibadilisha chujio na usikikaze kifuniko vizuri, fanesi itanyamaza kimya kabisa. Kibonyeze mpaka usikie kimekaa.

Koki ya gesi. Mkono wa koki ukilala sambamba na bomba, gesi inapita. Ukikatiza bomba, imefungwa. Kama jiko lako nalo ni la gesi na haliwaki, tatizo haliko kwenye fanesi. Ipigie kampuni ya gesi.

## Chujio: kosa la nyumba nyingi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo fanesi nyingi zinapoharibiwa.

Fanesi huvuta hewa ya nyumba, huipitisha kwenye chujio, huipasha moto, kisha huirudisha vyumbani. Chujio likijaa vumbi, hewa inayopita ni kidogo, na chuma cha ndani kinachemka kupita kiasi. Kuna swichi ya usalama inayoona hivyo na kuzima moto. Feni inaendelea kupuliza ili mashine ipoe. Ikipoa, moto unawaka tena, unazimwa tena. Ukiwa chumbani utaona joto la dakika chache, kisha baridi, kisha joto, na nyumba haifiki unapotaka.

Jinsi ya kulikagua:

1. Zima swichi ya fanesi.
2. Vuta chujio kutoka kwenye nafasi yake, kati ya bomba kubwa la kurudisha hewa na mashine. Nyumba nyingine wameliweka nyuma ya wavu mkubwa wa ukutani.
3. Liinue kwenye mwanga. Kama mwanga haupenyi, limekwisha.
4. Soma vipimo ukingoni, kwa mfano 16x25x1 (ni inchi), ukanunue vile vile.
5. Weka jipya mshale ukielekea kwenye fanesi, upande ambao hewa inakwenda.

Kwa nyumba ya watu wengi, inayopikwa kila siku, yenye mazulia na watoto, mimi nasema lichunguzwe kila mwezi wa baridi, na miezi mitatu isipite bila kubadilishwa. Usilioshe na kulirudisha kama ni la karatasi. Usiliondoe ukaiacha fanesi bila chujio, vumbi litakaa ndani ya mashine. Na usivutiwe na lile la bei kubwa lililoandikwa MERV 13 kwa kudhani la ghali ndilo bora. Fanesi ya zamani inaweza kushindwa kuvuta hewa kupitia chujio zito namna hiyo. MERV 8 inatosha nyumba nyingi.

Zungukia vyumba pia. Sofa kubwa iliyokalia tundu la sakafuni, zulia lililotandikwa juu yake, matundu yaliyofungwa kwenye vyumba visivyotumika "ili kuokoa gesi": yote haya huleta ugonjwa ule ule wa mashine kuchemka.

## Sikiliza inapokwama

Kama hayo yote ni sawa na baridi bado iko pale pale, usishike kitu. Vuta kiti karibu na fanesi, mtu mmoja apandishe thamostati, nawe usikilize. Fanesi za kisasa huwaka kwa hatua zinazofuatana, na mashine haiendi hatua ya pili bila kuridhika na ya kwanza. Inaposimama ndipo ugonjwa ulipo.

1. Feni ndogo ya moshi inaanza. Ni mvumo mwembamba. Usipousikia kabisa, rudi kwenye umeme, kifuniko na thamostati. Kama hivyo vyote ni sawa, feni hiyo au bodi ya umeme imekufa. Hiyo ni kazi ya fundi.
2. Swichi ya msukumo wa hewa inahakikisha moshi una njia. Kama feni ndogo inavuma tu, dakika zinapita na hakuna kingine, shuku bomba la moshi lililoziba au maji yaliyotuama.
3. Kiwashio kinang'aa. Kupitia kijidirisha utaona wekundu mkali kama waya wa hita ya umeme. Kisipong'aa, huenda kimepasuka. Ni kitu dhaifu mno, hata mafuta ya vidole yanaweza kukiharibu, kwa hiyo usikiguse.
4. Gesi inafunguka, moto unawaka. Utasikia mlio mdogo, kisha moto unapita kwenye vichomeo vyote. Uwe wa buluu na uliotulia. Ukiwa wa njano na unayumbayumba, zima fanesi, ufungue madirisha, umwite fundi.
5. Kihisi cha moto kinathibitisha. Moto ukiwaka sekunde chache na kuzima, ukajaribu tena na tena kisha mashine ikanyamaza, kihisi hiki kinashukiwa kwanza.
6. Feni kubwa inaanza. Huchelewa kusudi, nusu dakika au zaidi, ili isikupulizie hewa ya baridi. Moto ukiwaka vizuri na feni hii isianze, moto utazimwa na ile swichi ya usalama.

Ndani ya mashine kuna pia taa ndogo inayowaka na kuzima. Nyingi huonekana kupitia tundu la kifuniko cha chini. Hesabu inavyokonyeza: mara tatu, kimya, mara tatu. Maana yake imechapishwa kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya kifuniko. Usitumie orodha ya fanesi ya jirani; kila mtengenezaji ana yake. Na hesabu kabla ya kuzima umeme, kwa kuwa baadhi ya mashine husahau zikizimwa.

## Kusafisha kihisi: kwa mwenye mkono mtulivu

Kihisi ni kijiti chembamba cha chuma kinachokaa ndani ya moto wa kichomeo cha mwisho, mara nyingi kimeshikwa na skrubu moja. Kwa miaka kinapata utando wa kijivu usioonekana vizuri, na utando huo unatosha kukifanya kisitambue moto uliopo mbele yake.

- Zima swichi ya fanesi na breka, ufunge na koki ya gesi.
- Chomoa waya wake, fungua skrubu, kivute taratibu bila kukipinda.
- Kisugue kwa nyuzi laini sana za chuma zisizo na sabuni. Msasa mkali unakikwaruza, na mikwaruzo huita uchafu upya.
- Kifute kwa karatasi kavu, kirudishe kilipokuwa, rudisha waya wake.
- Fungua gesi, washa umeme, sikiliza tena kuanzia hatua ya kwanza.

Kama maelezo haya yanakutia wasiwasi, acha. Fundi atakimaliza kwa muda mfupi, na hakuna aibu. Mpangaji asifanye kazi hii kabisa. Mashine si yake.

## Mabomba meupe ukutani

Fanesi zenye ufanisi wa asilimia 90 na zaidi hazitumii dohani. Zina mabomba ya plastiki, kwa kawaida mawili, yanayotokeza ukutani nje, moja la kuvuta hewa na jingine la kutoa moshi. Theluji ikirundikana ikayafunika, fanesi inazimika. Baada ya kila dhoruba toka na koleo uyafukue, uache nafasi ya kutosha mbele na pembeni. Angalia pia barafu mdomoni, majani, kiota cha ndege.

Fanesi hizo hizo hutoa maji zikifanya kazi, yanayotiririka kwa mpira mwembamba hadi mferejini au kwenye pampu ndogo pembeni. Mpira ukiziba au pampu ikifa, maji yanarudi na mashine inasimama. Ukiona sakafu imelowa chini ya fanesi, anzia hapo: pampu ina umeme? Mpira umekunjwa? Umepita mahali penye baridi ukaganda?

## Kwa wenye fanesi ya mafuta

Lewiston na Portland za Maine, hii ni yenu. Anza kwa kusoma kipimo juu ya tangi. Nyumba nyingi "zilizoharibikiwa fanesi" zimeishiwa mafuta tu. Yakiisha kabisa, kujaza tangi peke yake huenda kusitoshe. Hewa iliyoingia kwenye bomba lazima itolewe, kwa hiyo mwambie anayeleta mafuta kwamba tangi lilikauka.

Kwenye kichomeo kuna kitufe chekundu cha kuanzisha upya. Kibonyeze mara moja tu. Moto usipowaka, kiache. Kila ukibonyeza, mafuta mengine yanamwagwa kwenye chumba cha moto. Ukibonyeza mara tano halafu moto ukawaka, utawaka na yote yaliyojikusanya.

## Ukisubiri fundi

Nyumba haipoi kwa saa moja, lakini usingoje igande ndipo uhangaike.

- Kusanyeni wote chumba kimoja, mfunge milango na kuziba chini kwa mataulo.
- Hita ndogo ya umeme inafaa, ila ichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye kebo ya kurefusha. Iwe mbali na mapazia na vitanda, angalau mita moja, na izimwe mnapolala.
- Fungua mabomba ya maji yadondoke kidogo kidogo, na ufungue milango ya makabati chini ya sinki. Maji yakiganda hupasua bomba, na hasara yake hupita ya fanesi.
- Jua koki kuu ya maji iko wapi leo, si siku bomba likipasuka.
- Kama kuna mtoto mchanga au mzee, apelekwe kwa ndugu au jirani mapema.

## Maneno ya kumwambia fundi

Ukimwambia "haifanyi kazi", atakuja kuanza upya, nawe utalipia muda huo. Mwambie ni fanesi ya gesi au mafuta, jina la mtengenezaji na namba ya modeli iliyobandikwa ndani, inasimama hatua gani, taa inakonyeza mara ngapi, na umekwisha kujaribu nini. Muulize mapema bei ya kuja kukagua, na kama usiku na Jumapili inapanda. Akikuambia papo hapo kwamba fanesi nzima inunuliwe mpya, mwombe akuonyeshe ubovu kwa macho, aandike bei, kisha utafute fundi wa pili. Akisema chuma cha ndani kinachotenganisha moto na hewa mnayovuta kimepasuka, bado mwombe akuonyeshe, lakini msiiwashe tena fanesi hiyo wakati mnatafuta.

"Na nisipokuwa na pesa?" Nchini Marekani piga 211, uulize msaada wa nishati. Mpango wa serikali kuu uitwao LIHEAP husaidia familia za kipato kidogo kulipa bili, na katika majimbo mengi hugharimia pia matengenezo ya fanesi. Usingoje gesi ikatwe ndipo uombe.

## Kama umepanga

Joto si fadhila ya mwenye nyumba. Minnesota, tangu 2024, sheria ya jimbo inamtaka atoe angalau nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Chicago, kuanzia 15 Septemba hadi 1 Juni, ni 68 mchana na 66 usiku. Jiji la New York, kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Mei, ni 68 mchana nje kukiwa chini ya 55, na 62 usiku. Uliza ya mji wako.

Mpigie simu, kisha umwandikie ujumbe wenye tarehe na saa, maana simu haiachi ushahidi. Weka kipimajoto cha bei rahisi katikati ya chumba na ukipige picha asubuhi na usiku. Asipojibu, ripoti kwa idara ya ukaguzi wa nyumba ya mji. Miji mingi inapokea malalamiko hayo kwa namba 311. Usiache kulipa kodi kwa hasira kabla ya kuzungumza na ofisi ya msaada wa kisheria: kuna majimbo yanayoruhusu kuizuia kwa utaratibu maalumu, na ukiukosea utaratibu huo unaweza kufukuzwa hata kama haki ilikuwa yako. Tena wahamiaji wengi hunyamaza wakiogopa kwamba kulalamika kutaharibu makaratasi yao. Mkaguzi wa nyumba anakuja kupima joto na kuangalia mashine. Hati za uhamiaji si kazi yake.